Uliza, Tukujibu: Wanaume Wanaogombana na Sahani

Mwezi uliopita tuligusia kwa mistari michache wanaume wenye matatizo ya ulaji, tukaomba barua. Hizi hapa saba. Majina tumeyaondoa na kila barua tumeifupisha.

*

Mwanangu ana miaka 17, yuko nyumbani kwa likizo. Januari alikuwa na kilo 58, leo ni Juni ana 46. Urefu wake ni sentimita 174. Alianza kwa kuacha soda na maandazi, tukampongeza. Baadaye akaacha mtori, eti una mafuta. Sasa anakula kachumbari na nusu chapati, na alfajiri anakimbia mpaka Kibosho na kurudi. Tumempima UKIMWI, kifua kikuu na kisukari, vyote hana. Shangazi yake anasema kijana amerogwa. Mimi leo nambembeleza, kesho namkaripia. Nifanye nini? (Mama, Majengo, Moshi)

Mama, pole sana. Ulifanya vema kuanza na vipimo hivyo, kwa sababu kijana anayekonda hapa kwetu lazima aangaliwe kwanza magonjwa hayo, pamoja na tezi la shingo na matatizo ya utumbo. Ila jibu la "hana" halikumaanisha kwamba ni mzima. Lilimaanisha kwamba hana yale yaliyopimwa.

Tuanze na hesabu. Gawanya kilo 46 kwa 1.74 mara 1.74, unapata 15.2, huo ndio uwiano wa uzito na urefu (BMI). Kwa mvulana wa umri wake, katikati ya chati ni karibu 21. Amepoteza kilo 12 kati ya 58, yaani zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili wake, ndani ya miezi mitano. Ukichanganya na hofu ya mafuta na mbio za alfajiri, hii ina sura ya anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa, na imefika mahali pa hospitali. Wanaotaka kumwombea wamwombee, lakini asikose kwenda hospitali kesho asubuhi.

Usiku huu mpime mambo mawili. Akiwa amelala na ametulia, hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Kisha alale chali sakafuni na ainuke kukaa bila kushika kitu, halafu achuchumae na kusimama bila kutumia mikono. Mapigo yakiwa chini ya 40, au akishindwa kuinuka bila kujishika, au akizimia, au akikataa hata maji, au akizungumzia kufa, msisubiri asubuhi. Usitulizwe na neno "moyo wa mkimbiaji unapiga polepole". Ni kweli unapiga polepole, ila mkimbiaji aliyeshiba hashindwi kusimama kutoka kuchuchumaa.

Ukifika hospitali ya Mawenzi au KCMC, usiseme tu "hali chakula", maana utapewa dawa ya minyoo na vitamini za kuleta hamu. Sema hivi: "Amepungua kilo 12 tangu Januari, anakataa chakula kwa makusudi kwa kuogopa kunenepa, na anafanya mazoezi kupita kiasi. Naomba apimwe potasiamu, fosfeti, magnesiamu, sodiamu, sukari, figo na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na aonwe na daktari wa afya ya akili na mtaalamu wa lishe." Fosfeti itaje kwa jina, kwa kuwa mara nyingi haimo kwenye orodha ya kawaida. Na majibu ya damu yakitoka mazuri bado hayamruhusu kurudi mbioni. Mwili wenye njaa hujitahidi kuweka damu sawa hadi siku za mwisho.

Sasa jambo ambalo familia nyingi hukosea kwa upendo: msimjazie sahani usiku huu ili kufidia miezi mitano. Mwili uliokaa na njaa umezoea kuchoma mafuta yake wenyewe. Wanga mwingi ukiingia ghafla, insulini hupanda na kusukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu inabaki haina, na moyo na misuli ya kupumulia hulegea. Mara nyingi hutokea katika siku chache za kwanza za kulishwa. Dalili zake ni miguu kuvimba, pumzi fupi, moyo kwenda mbio, udhaifu wa ghafla na kuchanganyikiwa. Kijana wako yuko kwenye kundi la hatari kwa sababu uwiano wake uko chini ya 16 na amepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito. Kwa mtu mzima wa kundi hilo madaktari wengi huanza na kilokalori 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wakipandisha taratibu kwa siku nne hadi saba. Kwa vijana wengine huanza juu zaidi, ila damu ipimwe kila siku. Vitamini B1 hutolewa kabla ya mlo wa kwanza, kwa kawaida miligramu 200 hadi 300 kwa siku. Kiasi cha kuanzia wapange wao.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, kazi inakuwa yenu. Kwa kijana wa umri huu anayeishi na wazazi, matibabu yanayotegemewa zaidi ni yale ambayo wazazi wenyewe wanashika mwiko wa jikoni kwa muda, huku wakionana na mtaalamu mara kama 18 hadi 20 ndani ya mwaka. Milo mitatu na vitafunio vitatu. Unapakua wewe, si yeye. Jikoni haingii wakati wa kupika, kwa sababu atapunguza mafuta ukigeuka. Mlo usizidi nusu saa, kitafunio robo saa, na baada ya mlo mtu akae naye saa moja: bao, karata, televisheni, lolote lisilo la chakula. Mbio zisimame kabisa mpaka daktari aseme.

Maneno ya mezani yawe machache. "Hiki ndicho chakula chako cha sasa, niko nawe mpaka umalize." Usijadili kalori, usimwambie "umeanza kunenepa vizuri", maana hilo neno analisikia kama tusi. Ukimkaripia, unakuwa umegombana na mwanao. Ugonjwa wenyewe umebaki pale pale umekaa. Baba naye awepo. Ugonjwa huu hupenda nyumba ambayo mmoja anasema kula na mwingine anasema mwache.

Lengo ni kama nusu kilo kwa wiki, apimwe mara moja tu, asubuhi ileile, amevaa nguo nyepesi, mifuko mitupu na kibofu kitupu. (Wapo wanaokunywa lita mbili za maji kabla ya kupanda mizani.) Ikiwa uzito umesimama, ongeza kilokalori 500 kwa siku bila kuongeza ukubwa wa sahani: bilauri mbili za maziwa yasiyotolewa mafuta zenye mililita 250 kila moja, na vijiko viwili vya chakula vya siagi ya karanga kwenye uji. Mtori ubaki na mafuta yake. Parachichi hapo Moshi halihitaji kutafutwa. Na maziwa yana faida ya pili, kwa kuwa yana fosfeti nyingi.

*

Acheni kutuletea mambo ya kizungu. Mwanaume kukataa chakula ni kiburi au mapenzi. Tangu lini mwanaume akaugua ugonjwa wa wasichana wa mitindo? (Mzee, Machame)

Shikamoo mzee wetu. Tangu 1689, angalau kwa maandishi. Mwaka huo daktari wa London, Richard Morton, alieleza wagonjwa wawili waliodhoofika bila homa wala kifua kikuu. Mmoja alikuwa binti wa miaka 18. Wa pili alikuwa mvulana wa miaka 16, mtoto wa mchungaji. Morton alimwagiza aache masomo, ahamie shamba, apande farasi na anywe maziwa. Kijana akapata nafuu kubwa. Kwa hiyo mwanaume alikuwepo tangu ukurasa wa kwanza, akafutwa baadaye. Mpaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaofuatwa na wengi duniani, uliweka kukosa hedhi mara tatu mfululizo kuwa mojawapo ya masharti ya anoreksia kwa wanawake. Ugonjwa ulielezwa kwa mwili wa mwanamke, mwanaume akasahaulika.

Kuhusu kiburi, kuna jaribio ambalo tunadhani litakugusa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua wanaume 36 wenye afya, vijana waliokataa kupigana kwa sababu za dhamiri na kujitolea kwa utafiti. Kwa wiki 24 walikula karibu kilokalori 1,570 kwa siku huku wakitembea kilomita nyingi, mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito. Hawakuwa na kiburi wala hawakuwa na mapenzi ya kuwasumbua. Hata hivyo wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, kukata chakula vipande vidogo na kukaa nacho muda mrefu, kusikia baridi wakati wa kiangazi, kukasirika ovyo, na kupoteza kabisa hamu ya wanawake. Walipofunguliwa, baadhi walikula maelfu ya kilokalori kwa siku na bado wakahisi njaa. Hayo yote tunayoyaita "tabia za ajabu" za mgonjwa, sehemu kubwa ni kazi ya njaa yenyewe. Ndiyo maana hatuanzi kwa kumhoji mgonjwa kwa nini hali. Tunaanza kwa kumlisha, mengine yanasikika baadaye kichwa kikipata chakula.

Hatumzungumzii aliyekosa unga, mzee. Huyo dawa yake inajulikana.

*

Ni dereva wa magari ya watalii, Arusha, miaka 34, kilo 88. Mchana sili kitu, nakunywa kahawa na sigara, siku nyingine mirungi. Usiku nikifika geto nafakamia chipsi mayai sahani mbili, mkate mzima, soda, halafu naenda kujitapisha. Mara nne au tano kwa wiki, sasa mwaka wa pili. Wiki ya kazi nyingi namezea Lasix ili tumbo lishuke. Mke wangu yuko Same, anajua nina vidonda vya tumbo. Mwili wangu ni mkubwa, mtu akiniambia nina tatizo la kula atacheka. (Bila jina, Ngaramtoni)

Kaka, hakuna wa kucheka hapa. Kufakamia chakula na kujitapisha angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu ndiyo bulimia, na wenye ugonjwa huu wengi wana uzito wa kawaida au zaidi. Gerald Russell alipoueleza mwaka 1979 alikuwa na wagonjwa 30, wawili kati yao wanaume.

Cha haraka kwanza, kwa kuwa umebeba abiria. Kutapika na Lasix, dawa ya kukojoza, vyote viwili hukausha potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo hupiga ovyo, wakati mwingine bila onyo. Kapime wiki hii. Kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Chini ya 3 ni hospitali siku hiyohiyo, usijitibu kwa ndizi na madafu. Omba magnesiamu ipimwe pamoja, kwa sababu ikiwa chini, potasiamu unayopewa haitapanda. Misuli kukaza, ganzi, moyo kurukaruka au kutapika damu: egesha gari.

Lasix haigusi mafuta. Unachokojoa ni maji na chumvi. Ukiiacha, mwili uliozoea kuporwa maji utayashikilia kwa wiki mbili au tatu, miguu na uso vitavimba na mizani itapanda. Hapo ndipo wengi hurudia vidonge wakidhani wamenenepa. Ni maji, yataondoka yenyewe. Mweleze daktari kabla ya kuacha, na ukifika hospitali umekauka usidai dripu ikimbizwe, maana itakuvimbisha zaidi. Dawa za kuharisha nazo hufanya kazi mwisho wa utumbo, chakula kikiwa kimeshafyonzwa. Na kutapika hakurudishi vyote, sehemu kubwa ya ulichokula hubaki.

Sasa mzizi. Umeandika habari ya usiku, lakini tatizo lako linaanza asubuhi. Mchana mzima bila chakula, juu yake kahawa, sigara na mirungi (ambayo zaidi ya kukata njaa ni kosa la jinai), mwili unafika usiku ukiwa umeshashindwa. Huwezi kuushinda usiku kwa nia. Ushinde kwa saa:

Saa 12 asubuhi: chai ya maziwa, chapati mbili, yai. 
Saa 4: ndizi mbivu mbili na konzi ya karanga. 
Saa 7 mchana: boksi la chakula la wageni lina kuku, yai, keki na tunda, basi na la kwako liwepo, na ulile lote. 
Saa 10: mtindi au maandazi mawili na chai. 
Saa 1 usiku: ugali au wali, mboga, nyama au maharage, sahani moja iliyojaa. 
Saa 3 na nusu: bilauri ya maziwa.

Usikae zaidi ya saa nne bila kula, hata kama jana ulifakamia, hata kama huna njaa. Hisia zako za njaa na shibe kwa sasa zimeharibika, saa ya mkononi inajua kuliko tumbo. Wiki mbili za kwanza utajisikia umejaa na tumbo litaunguruma. Kosa la kawaida ni kufuata ratiba mchana kisha kupunguza chakula cha usiku "ili kujihami". Ukipunguza tu, usiku unarudi.

Beba daftari dogo kwenye gari. Mistari mitano: saa, nilichokula, mahali, nilitapika au la, nini kilitangulia. Andika palepale, si kabla ya kulala. Baada ya siku kumi utaona mwenyewe mtindo, pengine siku ya bahasha ya wageni, pengine siku ya kugombana kwenye simu. Hamu ya kujitapisha ikikushika, hupanda kama wimbi na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Toka nje ya chumba chenye choo, mpigie mtu, osha gari. Mizani mara moja kwa wiki.

Meno: ukishatapika usipige mswaki kwa saa moja, kwa sababu asidi imelainisha gamba la jino na mswaki utalikwangua. Sukutua kwa maji yenye kijiko cha chai cha baking soda.

Matibabu yenye ushahidi mzuri zaidi kwa mtu mzima ni tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mazoea, kwa kawaida vikao 16 hadi 20. Dawa ya fluoksetini husaidia kupunguza kufakamia, lakini kwa kipimo cha miligramu 60 kwa siku, ambacho daktari hukifikia kwa hatua. Miligramu 20 zilezile za sonona mara nyingi hazitoshi kwa bulimia. Uliza kitengo cha afya ya akili hospitali ya Mount Meru. Na mkeo mwambie. Si lazima kila kitu, anza na "si vidonda".

*

Nina miaka 23, kilo 82, niko jimu siku saba, mara mbili kwa siku. Nakula mayai meupe 12, kifua cha kuku na unga wa protini. Harusini siendi maana chakula chao kina mafuta. Nikijitazama najiona kimbaombao. Nimeanza sindano miezi mitatu iliyopita. Niongeze nini? (Kaloleni, Arusha)

Mdogo wetu, ungeuliza upunguze nini. Mwaka 1993 Harrison Pope na wenzake wa Marekani walieleza wanyanyua vyuma wenye misuli mikubwa wanaojiona wadogo, wanaojificha ndani ya nguo pana. Ni anoreksia iliyogeuzwa upande wa pili: masharti yaleyale, kioo kilekile, ila woga ni wa kupungua. Misuli yako haina kosa. Kosa ni kwamba harusi imekushinda kwenda.

Protini: misuli hainufaiki sana baada ya gramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa siku, kwako ni 131. Hata wanaohimiza zaidi, wengi wao hawapiti 2.2. Yai zima lina gramu 6, sehemu nyeupe peke yake 3.5 hivi, kwa hiyo unatupa karibu nusu ya protini uliyoilipia pamoja na mafuta ambayo mwili unayahitaji kutengeneza homoni. Kula mayai mazima manne. Rudisha wanga, ugali na ndizi, kwa sababu misuli ikikosa wanga protini inachomwa kama kuni. Mapumziko siku mbili kwa wiki, ndipo misuli inapojengwa. Kisha kila wiki kula chakula kimoja ulichokipiga marufuku, mezani na watu, usiende jimu kukifidia. Kioo: hesabu mara unazojitazama kesho, wiki ijayo iwe nusu.

Sindano: ukijidunga testosteroni au ndugu zake, ubongo unaacha kuagiza yako. Korodani husinyaa, mbegu hupungua au kwisha, matiti huota. Ukiacha, kipindi cha miezi cha uchovu, kukosa hamu na huzuni nzito hufuata, wengine hufikia kutaka kujiua, ndiyo maana usiache kimyakimya. Mwone daktari, mweleze jina la chupa. Apime testosteroni asubuhi mapema, LH na FSH (homoni ambazo ubongo hutumia kuagiza korodani), wingi wa chembe nyekundu (damu ikiwa nzito huganda), ini, mafuta ya damu na presha. Kama mliwahi kushirikiana sindano au hata chupa moja, pima UKIMWI na homa ya ini B na C.

*

Nafundisha wakimbiaji wa mbio ndefu. Nitamtambuaje asiyekula vya kutosha, ilhali wote ni wembamba? (Kocha, Arusha)

Kocha, wembamba usiuangalie. Angalia mambo haya: kasi inashuka ingawa mazoezi yameongezwa, mafua yasiyoisha, maumivu ya mfupa wa muundi yanayouma sehemu moja ukibonyeza kwa kidole, kununa, na kukimbia kwa siri baada ya mazoezi. Na uulize, faraghani, kama bado anaamka uume umesimama. Swali hilo linaaibisha lakini ni kipimo cha testosteroni kisicho na gharama.

Hesabu: mkimbiaji wa kilo 58 mwenye mafuta asilimia 8 ana kilo 53 zisizo za mafuta. Mbio za kilomita 20 zinachoma takribani kilokalori 1 kwa kila kilo kwa kila kilomita, yaani 1,160. Baada ya kutoa hizo, mwili unahitaji kubaki na 45 kwa kila kilo isiyo ya mafuta, karibu 2,400. Jumla 3,560. Chini ya 30 kwa kilo, kwake jumla ya 2,750 hivi, homoni na mifupa huanza kuathirika. Unga wa mahindi una karibu 360 kwa gramu 100, kwa hiyo hata akila ugali wa nusu kilo ya unga kwa siku amefika nusu tu. Chai kavu kabla ya mazoezi na mlo mmoja wa usiku havitoshi, na wengi kambini wanaishi hivyo bila ugonjwa wowote, ni mfuko tu. Anza kwa kuhakikisha kuna uji wa maziwa ndani ya nusu saa baada ya mbio. Atakayeukataa wakati upo, huyo ndiye wa kumpeleka kwa daktari.

Kupima uzito hadharani na kutangaza namba, acha leo.

*

Nina miaka 24, nimepona nusu, uzito umerudi tangu mwaka jana. Ramadhani inakuja. Nikila mchana nyumbani watauliza. (Moshi mjini)

Aya ya 184 na 185 za Sura Al-Baqara zinampa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ugonjwa wako ni ugonjwa. Nenda kwa sheikh ukiwa na maneno ya daktari, mweleze kwamba kufunga ndiko kunakoamsha ugonjwa, akuelekeze kuhusu kulipa siku au fidia. Swali la kujiuliza kabla hujamwendea: nia ya kufunga ikikujia, je, kuna sauti ndogo inayofurahia kwamba utapungua? Ikiwepo, usifunge mwaka huu. Nyumbani chagua mtu mmoja wa kumwambia, mama au kaka mkubwa, naye ndiye awajibu wengine. Mkristo anayekaribia Kwaresima ajiulize swali hilohilo, kisha aende kwa padri au mchungaji wake.

*

Mume wangu ni mwembamba wa kuzaliwa, kazini wanamwita fito. Ananunua vidonge vya kunenepa vya pakiti ndogo ndogo, mwezi wa tatu sasa. Uso umejaa, lakini mikono imebaki ileile na anakojoa sana usiku. (Mke, Usa River)

Dada, vidonge vya namna hiyo mara nyingi ni deksamethasoni pamoja na siproheptadini. Ya pili huleta njaa na usingizi. Ya kwanza hujaza maji na mafuta usoni na tumboni huku ikila misuli ya mikono na mapaja, hupandisha sukari na presha, hulegeza mifupa, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kukojoa usiku kunataka sukari ipimwe kesho.

Usimnyang'anye ghafla. Baada ya wiki zaidi ya tatu tezi zake za juu ya figo huenda zimeshalala, akikatisha siku moja anaweza kupata kutapika, presha kushuka na kuzimia. Chukua pakiti, hata kama ni karatasi tupu, mwende nayo kwa daktari apange kupunguza kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Akiugua homa au kuumia katika kipindi hicho, mwambieni mhudumu yeyote atakayemwona kwamba amekuwa akitumia deksamethasoni.